Treni ya kwenda kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakazi wa Moshi na Arusha

Naishi Pasua, Moshi, na kibarua changu kiko Arusha. Kabla ya hapo nilikaa Tabata, Dar es Salaam, kwa miaka mitatu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikwenda kazini kwa treni. Ndiyo maana majirani, abiria wenzangu wa Coaster ya alfajiri na vijana wanaokwenda kuanza chuo Dar hunijia na maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Majibu ni ya abiria, si ya mhandisi wala msemaji wa shirika.

Arusha au Moshi kuna treni ya mjini?

Hapana. Iliyopo ni treni ya safari ndefu ya Shirika la Reli Tanzania, TRC. Inatoka Dar es Salaam, inakesha njiani, inapita Moshi na kuishia Arusha, kisha inageuza. Haiendi kila siku. Mtu akikuambia amepanda treni asubuhi kutoka Moshi kwenda Arusha anasema kweli, lakini amedandia mkia wa safari iliyoanza jana.

Sasa kwa nini watu wanaiulizia treni ambayo haipo?

Kwa sababu ya barabara. Moshi na Arusha zimetengana kwa kilomita kama 80 tu, na asubuhi unaona wazi kwamba miji hii miwili imeshakuwa kama mji mmoja mrefu. Walimu, wauguzi, mafundi, makarani, wenye maduka ya mitumba, wote wako njiani kabla jua halijatoka, wengine wanapanda kwenda Arusha, wengine wanashuka kuja Moshi. Lakini kilomita hizo 80 zina vibao vya 50 kila penye watu: Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River. Trafiki na tochi zao wapo. Unapumua ukifika Tengeru, kwenye ile barabara ya njia nne inayokwenda hadi Sakina. Kabla ya hapo lori moja lililobeba kokoto linatosha kuwapanga watu foleni.

Aprili moja, mvua ikinyesha, Coaster niliyopanda iliharibika kabla hatujafika KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Tulisimama pembeni ya barabara saa moja na nusu, viatu vimejaa tope. Kando yangu alikuwa mwalimu mmoja wa Usa River ambaye siku hiyo alikuwa anasimamia mtihani. Hakulalamika. Alikuwa anaangalia saa tu, anaangalia barabara, anaangalia saa. Upande wa bondeni, mbali na pale tulipokuwa, kuna reli. Tangu siku ile sijaacha kuifikiria.

Hiyo treni ya Dar uliyokuwa ukipanda ndiyo "treni ya Mwakyembe"?

Ndiyo. Jina lilitoka kwa watu wenyewe, kwa kuwa ilianzishwa Dr. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, mwezi Oktoba 2012. Zilikuwa njia mbili. Moja ilipita kwenye reli ya kati, kutoka Ubungo Maziwa hadi Stesheni, katikati ya jiji. Ya pili ilikuwa ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kutoka stesheni yao hadi Mwakanga. Mwaka 2016 ikaongezwa ya Pugu, inayopita Gongo la Mboto. Mwaka huohuo, mwezi Mei, mabasi ya mwendokasi nayo yakaanza kutembea Barabara ya Morogoro, na mtu wa Ubungo akawa na la kuchagua.

Wengi huku kaskazini hudhani kulijengwa reli mpya. Haikujengwa. Reli ilikuwepo miaka yote ikipitisha mizigo na treni za Kigoma na Mwanza. Mabehewa ya zamani yakafanyiwa ukarabati, vikatafutwa vichwa vya kuyavuta, vikawekwa vituo pale watu wanapoishi, na treni ikaanza kupiga safari asubuhi na jioni. Mchana hakuna. Ilikuwa treni ya wafanyakazi na wanafunzi, basi.

Asubuhi ya abiria ilikuwaje?

Tabata, saa kumi na mbili kasoro, bado giza. Huoni treni, unasikia honi kutoka upande wa Ubungo, na watu waliokuwa wanakunywa chai kwenye mabenchi wanainuka pamoja bila kuambizana. Hakuna jukwaa la juu kama unaloliona kwenye picha za nchi nyingine. Unapanda ngazi za chuma kutoka chini, na kama una mtoto mgongoni kuna mkono utakaokupokea. Ndani, viti vinajaa vituo viwili vya mwanzo, wanaobaki wanasimama. Harufu ya sabuni ya kuogea, ya maandazi ya moto, ya chuma. Wanafunzi wanakaririshana. Pale Buguruni kwa Mnyamani wanapanda kina mama na ndoo zao tupu, wanawahi soko la samaki la Feri.

Treni haikuwa na kasi. Ukichungulia dirishani ungeweza kusoma kila tangazo lililobandikwa kwenye kuta za watu. Lakini ilikuwa haisimami pasipo kituo, na hiyo ndiyo tofauti nzima. Wakati huohuo daladala za Barabara ya Mandela zilikuwa zimeganda pale Tabata na Buguruni, makonda wamekaa kwenye mlango wakizungumza na wauza karanga. Nilikuwa najua nitaingia ofisini saa ngapi. Mtu ambaye hajawahi kukosa uhakika huo hawezi kuelewa ni utajiri wa namna gani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi niliweza kumwambia mke wangu "nitakuwa nyumbani saa moja na robo" na nikawa nyumbani saa moja na robo.

Nauli ilipoanza ilikuwa shilingi 400. Sikuwahi kumsikia mtu akisema amepanda kwa sababu ya bei. Walipanda kwa sababu ya saa.

Ratiba ikibadilika kidogo tu, kuna ubaya gani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa na watu wasiosafiri kila siku, na ningependa wapangaji wa usafiri walifikirie kuliko mengine yote.

Nitatoa mfano wa basi, si treni. Niliporudi Moshi nilifanya kazi mahali fulani upande wa Usa River, na kulikuwa na basi la wafanyakazi lililoondoka Moshi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ijumaa moja jioni tukakuta karatasi imebandikwa: kuanzia Jumatatu, basi litaondoka saa kumi na moja kamili. Nusu saa. Nani atalalamikia nusu saa?

Jumatatu tukaanza kuona. Dada mmoja aliyekaa Njoro alikuwa na mtoto wa miaka miwili. Binti wa kumwangalia mtoto alikuwa anafika kwake saa kumi na moja na dakika kumi, na binti huyo naye alikuwa hawezi kufika mapema zaidi kwa kuwa anatembea kwa miguu na giza ni giza. Kaka mmoja wa Bomambuzi alikuwa akiletwa na bodaboda wa jirani yake. Jirani akasema saa kumi na nusu bado amelala, akitaka aamshwe alipwe mara mbili. Mama mmoja mtu mzima, mpishi wetu, akaanza kutembea peke yake gizani kuja stendi, ameshika fimbo. Nilimkuta siku moja, nikamsalimia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu, tutembee, leo nimepata mtu." Ndani ya wiki mbili watano kati yetu walikuwa wamerudi kwenye Coaster, wanalipa mfukoni mwao safari ambayo walikuwa wanapewa bure. Dada wa Njoro aliacha kazi mwezi uliofuata.

Aliyebandika karatasi ile hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sababu, foleni ya asubuhi ilikuwa imezidi. Ila hakuuliza. Abiria wa kila siku anaipanga nyumba nzima juu ya dakika moja: mtoto, uji, maji, mlango, boda, kazi. Ukiisogeza dakika hiyo umeisogeza nyumba.

Sasa weka treni mahali pa basi. Coaster ikikuacha, nyuma yake kuna nyingine, konda anaita. Treni ya asubuhi ikikuacha, nyuma yake hakuna kitu. Kwa hiyo mabadiliko ya treni yanahitaji taarifa ya wiki kadhaa, ibandikwe kituoni kwa Kiswahili kinachosomeka, itangazwe redio za hapa, na ipite kwanza kwa wale wanaoipanda. Hilo halihitaji mkopo wa benki yoyote.

Reli ya Moshi na Arusha ni ya lini?

Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 na wakafika Moshi mwaka 1911, kilomita 352. Hawakufika Arusha. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, Waingereza wakajenga kwa haraka ya kijeshi njia nyingine kutoka Voi kupitia Taveta, ikaungana na ya Tanga pale Kahe. Arusha ilipata reli mwaka 1929, wakati wa Waingereza, kipande cha kilomita 86 kutoka Moshi.

Kuna jambo ambalo huwashangaza vijana: kwa miaka yote hiyo hukuweza kutoka Moshi kwenda Dar kwa treni moja kwa moja. Reli ya Tanga na reli ya kati zilikuwa hazijaungana. Kiungo cha Mnyusi hadi Ruvu kilikuja mwaka 1963, baada ya Uhuru. Wazee wetu wa Kibosho na Machame waliokuwa na kahawa waliijua reli ya kwenda baharini Tanga na Mombasa kabla hawajaijua ya kwenda Dar.

Ilisimama kwa nini, na ilirudi lini?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika mwaka 1977 na shirika la reli la pamoja likagawanyika. Kila nchi ikabaki na kipande chake, vichwa vyake vichache na madeni yake. Huku kwetu barabara ya lami ikaboreka, mabasi yakaongezeka, reli ikakosa matengenezo, na miaka ya 1990 treni ya abiria ikakoma. Kizazi kizima kimekua Moshi na Arusha kikiijua reli kama njia ya mbuzi.

Treni ya mizigo ilirudi Moshi Julai 2019. Ya abiria kutoka Dar ikaanza Desemba mwaka huohuo, wiki chache kabla ya Krismasi, na kila Mchaga anajua maana ya Desemba. Oktoba 2020 ikafika Arusha.

Nikiishi Moshi na kufanya kazi Arusha, naweza kuitegemea treni iliyopo?

Usiitegemee kwa kazi ya kila siku. Haiendi kila siku, na inapita Moshi baada ya kusafiri usiku kucha kutoka pwani. Kila kilichoichelewesha Ruvu, Korogwe au Same unakilipia wewe hapa Moshi. Ndivyo ilivyo kwa treni yoyote ya mbali duniani; abiria wa karibu hawezi kuweka saa yake juu yake.

Ila ukiwa huna haraka, ipande mara moja. Kilimanjaro unauona bila vibanda vya barabarani mbele yake.

Basi nani anaipanda?

Nilikaa stesheni ya Moshi asubuhi moja kuangalia. Unatembea tu kutoka Mnara wa Saa. Walioshuka walikuwa wengi wao watu wa mizigo na watu wa familia: mama na watoto watatu waliolala njiani kwa raha kuliko wangelala kwenye basi, vijana na magunia ya nguo za Kariakoo wanakwenda soko la Memorial, mzee mmoja aliyepandia Hedaru na kuku wawili. Waliopanda kwenda Arusha walikuwa wachache, na karibu wote walikuwa na sababu ya siku hiyo moja: hospitali, msiba, kumpeleka mtoto shule ya bweni.

Yule mzee nilimsaidia kuteremsha kapu. Aliniambia miaka yote treni ilipokuwa haipo alikuwa anakuja Moshi kwa basi, lakini basi halitaki kuku ndani, na akiwaweka chini kwenye buti wanafika wamekufa. "Sasa nakaa nao," akasema. Kwake mabadiliko ya reli yalikuwa hayo.

Kwa nini treni inakawia kuliko basi?

Reli hii ni nyembamba, mita moja kutoka chuma hadi chuma, na ilipangwa na watu waliokwepa gharama ya madaraja na kuchimba milima, kwa hiyo inazunguka. Kutoka Moshi kwenda Arusha inapanda. Moshi iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Arusha iko karibu 1,400. Mito inayoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru inalishambulia tuta kila masika. Na inapita katikati ya makazi, ambako dereva lazima apunguze mwendo na apige honi muda wote.

Si waweke tu kichwa kimoja na mabehewa manne, waanze?

Ninawaelewa wanaosema hivi, na Dar ilianza karibu hivyohivyo. Lakini tuwe wakweli juu ya vitu viwili.

Cha kwanza, njia ni moja. Treni inayokwenda na inayorudi haziwezi kupishana popote zinapotaka, zinapishana stesheni yenye njia ya pembeni tu. Moja inaingia pembeni, inasubiri, stesheni masta anahakikisha njia mbele ni nyeupe, ndipo inaruhusiwa. Ukitaka treni ya asubuhi itoke Moshi na nyingine itoke Arusha muda uleule, zitakutana katikati, na dakika ya kukutana ndiyo itakayoamua ratiba yote. Treni ya mizigo ikiwa kwenye kipande hicho imechelewa, wafanyakazi wa miji yote miwili wamechelewa. Kwa hiyo kabla ya mabehewa mapya, mimi ningeomba njia za kupishania zifufuliwe, na treni ya wafanyakazi ipewe haki ya kupita kwanza asubuhi na jioni. Mzigo unaweza kusubiri saa moja. Mtihani wa watoto hausubiri.

Cha pili, reli haipiti walipo watu wote. Barabara kuu imepita juu, reli imepita chini, upande wa tambarare: Rundugai, Kikuletwa. Watu wa Boma Ng'ombe, Kwa Sadala na Machame wako barabarani na mlimani. Mtu wa Machame akishuka hadi relini kusubiri treni atakuwa ameshapita barabara kuu na Coaster tatu zikimwita. Kwa hiyo treni ya Moshi na Arusha kwanza ingekuwa ya watu wa ncha mbili, na ya Usa River, na ya vijiji vya bondeni ambavyo leo usafiri wao ni pikipiki.

Penye nafuu ya haraka ninayoiona mimi ni kipande kifupi: Usa River kuingia Arusha. Huko ndiko watu wamejaa, ndiko foleni iliko, na kilomita ni chache kiasi kwamba seti moja ya treni inaweza kwenda na kurudi zaidi ya mara moja asubuhi. Behewa moja linapakia watu wa Coaster mbili na zaidi. Hesabu mabehewa manne, halafu waondoe watu hao barabarani pale Tengeru saa moja asubuhi.

Stesheni ya Arusha iko mbali na maofisi. Si tutapanda tena daladala?

Iko upande wa kusini mwa mji, ndiyo. Wengine watatembea, wengine watapanda kifodi au bajaji. Dar tulifanya hivyo pia, na haikuuma kwa sababu muda wa treni ulikuwa unajulikana.

Madereva wa Coaster na Noah watakula wapi?

Swali la haki, na huwa naulizwa na makonda wenyewe, kwa sauti ya chini. Wengi wao ni vijana wa hapahapa, mangi fulani anayekuita kwa jina na kukuwekea siti ukimpigia simu. Sitaki treni inayowala.

Nilichokiona Dar ni kwamba daladala hazikufa treni ilipokuja. Zilihamia. Vituo vya treni vikawa stendi ndogo, bajaji zikapanga mstari, njia fupi za kuingia mitaani zikapata abiria ambao zamani hawakuwepo. Waliofaidi ni wale waliosikia mapema na kuhamisha gari mapema. Mamlaka ya leseni za njia ni LATRA, na wakati wa kukaa nao mezani ni kabla treni haijaanza kutembea. Mwenye Noah ya mkopo hawezi kuambiwa Ijumaa jioni kwa karatasi ya ukutani.

Nauli itakuwaje?

Nauli za treni, kama za mabasi, hupitia LATRA, na wananchi huitwa kutoa maoni kabla hazijapitishwa. Nendeni. Vikao hivyo mara nyingi viti vya abiria huwa vitupu.

SGR, ile reli mpya ya kisasa, si itamaliza haya yote?

SGR ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, kisha ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Ya umeme, njia pana. Dar hadi Morogoro ni kama saa mbili au pungufu, umbali unaozidi mara mbili ule wa Moshi na Arusha. Wapo watu wetu wa Arusha ambao sasa wanateremka kwa basi kupitia Babati na Kondoa hadi Dodoma, wanaunganisha na SGR kwenda Dar.

Kwa kaskazini kuna mpango wa muda mrefu wa njia ya Tanga, Arusha hadi Musoma. Ningefurahi kuiona. Lakini treni ya kasi haipendi kusimama kila kilomita tano, na mwalimu wa Usa River anahitaji treni inayosimama Usa River. Hizo ni kazi mbili tofauti. Reli ya zamani inaweza kuifanya hii ndogo leo, chuma chake kimeshalala pale chini.

Na uwanja wa mpira wa AFCON, ule wa Olmoti, Arusha, si utatuletea treni?

Uwanja ni wa watu 30,000, na mashindano ni 2027. Siku ya mechi ni siku moja. Mimi natazama Jumatatu inayofuata.

Watoto wetu wamezoea kucheza relini. Tufanye nini?

Wafundisheni upya, na sisi wakubwa tujifunze upya. Miaka ile treni ilipokuwa haipo, reli ilikuwa uwanja, kamba ya nguo na kichanja. Mwaka 2019 nilimwona jirani yangu ameanika mahindi juu ya mkeka katikati ya reli, mkeka umelala juu ya mataruma vizuri kabisa, kama zulia. Kikaja kiberenge cha mafundi, kikapiga honi, akakimbia kuyakusanya kwa mikono miwili. Walimsubiri, wakamsaidia hata kukunja mkeka. Treni haisubiri. Kichwa na mabehewa yake havisimami kwa breki ya ghafla kama bajaji, dereva akikuona ameshachelewa.

Hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande mijini na mita 30 vijijini. Ukiuziwa kiwanja karibu na tuta, pima kwa hatua zako mwenyewe kabla ya kutoa pesa. Nyumba zilizowekewa alama ya X reli ilipofufuliwa, nyingi zilikuwa za watu waliouziwa na mtu mwingine aliyejua.

Naweza kupanda na mkungu wa ndizi?

Treni iliyopo ina utaratibu wa mizigo, mkubwa unapimwa na kulipiwa. Mkungu mmoja sijaona ukikataliwa.

Nikiwa na malalamiko?

Andika tarehe, saa, namba ya behewa na tiketi yako uipige picha. Anza na stesheni masta. Usiporidhika nenda ofisi ya LATRA ya mkoa. Malalamiko yenye saa na tarehe hujibiwa. "Treni zenu mbovu" haijibiwi na mtu.

Nihamie karibu na stesheni ili nijiandae?

Hapana. Subiri ratiba, na ratiba yenyewe isubiri ikae miezi sita bila kuguswa. Tabata watu walipandishiwa kodi kwa sababu ya treni ambayo mwenye nyumba mwenyewe hajawahi kuipanda.

Nitajuaje kama treni ya leo inakuja, na inakuja saa ngapi?

Uliza stesheni, wao hupata habari kutoka kituo hadi kituo. Na ukifika pale Moshi, nje ya lango, kuna mama anauza chai na maandazi kwa abiria wanaoshuka. Jiko lake huliwasha akishasikia treni imepita Same, kwa sababu mafuta ya kukaangia ni ghali na maandazi yakipoa hayauziki. Asubuhi ile nilipokwenda kuangalia nilimkuta amekaa, karai liko tupu, unga umefunikwa kwa kitambaa. Nikamuuliza. "Bado kabisa, baba. Kaa unywe chai ya tangawizi." Nikakaa.